Siku za mwisho ugenini: Safari humalizwa kwa amana

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aila yake, maswahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mengi yamekwisha kusemwa misikitini na madrasa juu ya adabu za kuianza safari: kuaga wazazi, kulipa madeni, kuandika wasia, kutafuta wenzi wema na kusoma dua ya kipando. Ni machache yaliyosemwa juu ya siku za mwisho za safari, yaani ile wiki moja au mbili ambamo msafiri angali ugenini kwa mwili, lakini moyo wake umekwisha kurudi nyumbani. Leo tumekusudia kuzizungumzia siku hizo, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari kutoka kwa Sahl bin Sa'd (R.A.), kwamba matendo huzingatiwa kwa mwisho wake. Mtu aweza kukaa ugenini miezi kumi kwa sifa nzuri, akaivunja sifa hiyo kwa siku kumi.

Tunalileta suala hili kwa ajili ya vijana wetu. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, Marekani ilianzisha mwaka 2002 mpango wa kubadilishana wanafunzi uliopewa majina ya maseneta Kennedy na Lugar, unaofahamika kwa kifupi kuwa YES. Ulilenga wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi au jamii kubwa za Waislamu, na vijana wa Kenya na Tanzania, Bara na Visiwani, wamekuwa miongoni mwa walioutumia. Kijana huishi na familia ya Kimarekani kwa mwaka mmoja wa masomo, husoma katika shule ya mtaa ule, na hufanya kazi za kujitolea. Zipo pia safari fupi za vikundi baina ya miji dada, kama vile Hamburg na Dar es Salaam, miji iliyofungamana rasmi mwaka 2010. Iwe safari ya mwaka au ya wiki mbili, zote zina siku za mwisho, na zote zina mtihani wake.

Mambo matatu ya msafiri

Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa akimuaga msafiri alimkabidhi kwa Mwenyezi Mungu katika mambo matatu: dini yake, amana yake na hatima ya matendo yake. Tuzingatie, ndugu msomaji, kwamba mali haikutajwa, wala vyeo, wala zawadi. Yametajwa yale ambayo safari ina desturi ya kuyapoteza. Dini hulegea mtu anapokuwa mbali na wanaomjua. Amana hupotea anapoamini kuwa hatakutana tena na mwenye nayo. Hatima huharibika pale anapohisi kuwa kazi imekwisha na hakuna tena wa kumuuliza. Haya matatu yote hukutana katika siku za mwisho.

Amana kwanza, begi baadaye

Aghalabu kijana anayekaribia kurudi huanza na begi. Hupima uzito, huhesabu kilo 23 ambazo mashirika mengi ya ndege huruhusu kwa kila mzigo, hutoa viatu na kuingiza zawadi. Sisi tunamuusia aanze na daftari. Aandike kila kitu kilichomo mikononi mwake kisicho chake: vitabu vya maktaba, kompyuta aliyoazimwa na shule, sare ya timu ya mpira, ufunguo wa nyumba ya wenyeji, koti la baridi aliloazimwa na jirani, fedha kidogo alizokopeshwa na mwenzake siku ya matembezi. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 58, kuzirudisha amana kwa wenyewe, na hakubagua baina ya mwenyewe aliye Mwislamu na asiye Mwislamu.

Tuitazame sira. Usiku alioondoka Mtume (S.A.W.) kuhama Makka, Makureshi walikuwa wamekwisha kuafikiana kumuua. Hata hivyo, nyumbani kwake zilikuwamo amana za watu wa mji uleule, kwani pamoja na uadui wao hawakumpata aliye mwaminifu kuliko yeye. Hakuzichukua zikawa fidia ya mateso ya miaka kumi na mitatu. Alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma, naye akakaa siku tatu akizirudisha moja baada ya nyingine, ndipo akamfuata Madina. Ikiwa hivi ndivyo ilivyokuwa kwa watu waliochomoa panga, itakuwaje kwa familia iliyomlaza mtoto wetu kitandani pao mwaka mzima?

Swali la mama mmoja

Katika amana zote hizo, ipo moja iliyo nzito kuliko kompyuta na koti, nayo ni ahadi ya kurudi.

Mama mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri. Mwanawe wa miaka 17 alikuwa amebakiza wiki mbili tu ugenini. Jamaa yao anayeishi mji mwingine wa nchi ileile alikuwa amempigia kijana simu na kumpa shauri: siku ya kwenda uwanja wa ndege asiondoke na wenzake, bali apande basi aende kwake, na mengine yatajulikana mbele ya safari.

"Shehe wangu," alisema yule mama, "mtoto ananiuliza afanye nini, nami sina jibu. Hapa nyumbani hata ada ya kidato cha tano sijui nitaitoa wapi. Je, nikimwambia abaki, nitakuwa nimekosa mbele ya Mwenyezi Mungu?"

Tulimuuliza: "Mama, zile karatasi za safari, sahihi yako imo?"

Akajibu: "Imo. Nilitia mimi na marehemu baba yake."

Hatukumkemea, kwa kuwa umasikini si dhambi, na mama anayemtakia mwanawe maisha mepesi hastahiki kukaripiwa. Tulimweleza kwamba sahihi ile ni ahadi, na kwamba Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika mwanzo wa Suratul Maida kutimiza mikataba, na katika Suratul Israa, aya ya 34, ametuonya kuwa ahadi itakuja kuulizwa. Yeye na mwanawe wameingia nchi ya watu kwa sharti la muda. Waliokubali sharti ili mlango ufunguliwe hawawezi kulikana baada ya kuwa ndani.

Kisha tulimweleza upande wa dunia. Kijana wa umri ule akitoweka uwanja wa ndege huhesabiwa kuwa ni mtoto aliyepotea. Wenyeji wake hawatalala, polisi watamtafuta, na wenzake watahojiwa badala ya kufurahia safari yao. Yeye mwenyewe, kuanzia siku viza inapokwisha, ataishi akijificha: hana karatasi, hawezi kuajiriwa kihalali, na hatakuwa na uhuru wa kuja kumzika mzazi wake kisha akarejea. Zaidi ya hayo, mipango kama hii imejengwa juu ya kurudi. Kijana aliyekwenda kwa mpango wa YES hutakiwa na sheria ya Marekani kukaa kwao jumla ya miaka miwili kabla ya kupata ukaazi wa kudumu au baadhi ya viza za kazi za nchi ile, isipokuwa akipata msamaha maalumu. Makusudio ni kwamba alichokiona akilete nyumbani.

Siku tatu za Makka

Wapo wanaosema kuwa ahadi iliyowekwa na wasiokuwa Waislamu haina uzito. Wengine huongeza kuwa wakubwa hao wa dunia wametudhulumu sana, kwa hiyo hatuna deni kwao. Maneno haya ni matamu masikioni, lakini sira inayakataa.

Mwezi wa Dhul Qaada, mwaka wa 7 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliingia Makka kwa ajili ya Umra pamoja na maswahaba wake, kwa mujibu wa mkataba wa Hudaibiya uliotiwa saini mwaka uliotangulia. Sharti lilikuwa siku tatu. Ulikuwa ni mji aliozaliwa, mji wa Al-Kaaba, mji aliotolewa kwa nguvu. Iwapo yuko mtu mwenye haki ya kusema kuwa muda ule ni dhulma na kwamba hatoki, basi ni yeye. Amepokea Imam Bukhari kwamba muda ulipokwisha Makureshi walimwendea Ali (R.A.), wakamtaka amwambie sahibu yake atoke kwani siku zimetimia. Mtume (S.A.W.) akatoka. Wanasira wanaeleza kwamba alikuwa amefunga ndoa na Bibi Maimuna (R.A.) na akapendekeza kuwafanyia karamu wenyeji wale pale Makka, walipokataa hakung'ang'ania, akaenda kuikamilishia ndoa yake Sarif, nje ya mji.

Hebu tulitafakari jambo hili kwa utulivu. Mbora wa viumbe aliambiwa muda wake umekwisha katika mji wake mwenyewe, naye akaitii saa aliyoiafiki. Na mwaka mmoja tu baadaye, Mwenyezi Mungu alimfungulia Makka yote.

Imam Muslim naye amepokea kisa cha Hudhaifa bin Al-Yaman (R.A.) na baba yake. Makureshi waliwakamata njiani na hawakuwaachia mpaka walipoahidi kutoshiriki vita dhidi yao. Ilikuwa kabla ya Badr, wakati ambapo kila mkono wa Mwislamu ulihitajika. Walipomweleza Mtume (S.A.W.), aliwaamuru waitimize ahadi yao, na kuomba msaada wa Mwenyezi Mungu. Ahadi ile ilitolewa kwa maadui, tena chini ya vitisho. Ahadi ya mtoto wetu ilitolewa kwa hiari, ofisini, kwa kalamu.

Hapa tunapenda kubainisha jambo moja ili tusieleweke vibaya. Mtu anayekhofia kwa dhati nafsi yake au dini yake akirudi kwao, sharia inamjua na sheria za mataifa zinamjua. Huyo aieleze hofu yake waziwazi mbele ya wahusika. Tunayemzungumzia ni yule ambaye hana hofu hiyo, na anashauriwa aibuni.

Na madhara hayaishii kwake. Mwezi Desemba 2025 Marekani ilitangaza vizuizi juu ya viza za raia wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, na viza za wanafunzi na za wageni wa mipango ya kubadilishana zilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Burundi ilikuwa imekwisha kuingizwa katika vizuizi vya namna hiyo mwezi Juni 2025. Siasa za mataifa makubwa zina mambo mengi, na hatusemi kuwa vijana wachache ndio chanzo cha yote. Lakini miongoni mwa sababu zilizoandikwa ni kiwango cha wageni waliopitiliza muda wa viza zao. Aliyebaki alidhani anajifungulia mlango mmoja, kumbe anashiriki kuufunga kwa walio nyuma yake, ambao huenda ni wadogo zake mwenyewe.

Yule kijana alirudi na wenzake. Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba siku ya pili yake milango yote ya riziki ilifunguka. Ada ilichangwa kwa taabu, sehemu na wajomba zake na sehemu na waumini wa msikiti, naye jioni akawa anamsaidia mama yake kwenye genge. Lakini alirudi na uso wake ukiwa mweupe, na anaweza kulitaja jina lake mbele ya ofisa yeyote wa nchi yoyote.

Dini katika wiki ya mahafali

Jambo la pili ni dini. Huko Marekani mwaka wa masomo humalizika baina ya Mei na Juni, nayo huwa ni wiki ya mahafali, ya karamu za kuagana na dansi. Kijana aliyejilinda tangu Agosti huambiwa: "Ni usiku mmoja tu, kesho kutwa unaondoka, nani atajua?" Shetani hana hoja kongwe kuliko hiyo. Tunawausia vijana, wa kike na wa kiume, waagane na wenzao mchana, katika chakula cha halali na mazungumzo mema. Kukataa kwa upole hakujamvunjia mtu yeyote urafiki wa kweli. Wenyeji waliomwona mwaka mzima akiacha nyama ya nguruwe na kufunga Ramadhani wanatazama pia usiku wake wa mwisho, na huo ndio watakaousimulia.

Sala nazo zina mtihani wake. Sisi wa karibu na Ikweta tumezoea jua kuzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Mwezi Juni, katika mji kama Minneapolis, jua huzama karibu na saa tatu usiku, na Isha ikawa baada ya saa nne. Kijana aliyechoka kufungasha hulala kabla ya wakati kuingia. Na siku ya safari yenyewe, wapo wanaoziacha sala zote tano wakidhani uwanja wa ndege ni udhuru. Mwenyezi Mungu amempa msafiri wepesi wa kupunguza na kukusanya. Hakumpa ruhusa ya kuacha.

Kuwashukuru wenyeji

Familia zinazowapokea vijana wa mpango huo hazilipwi. Zimetoa chumba, chakula na usafiri kwa kujitolea. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo kijana asiondoke kwa kupunga mkono tu. Akae nao, awaombe radhi kwa lile lililowaudhi, ataje kwa jina wema aliotendewa, asafishe chumba alichokikuta kisafi, na akifika awapigie simu. Kanga moja au kibao cha mkeka kilichosukwa na bibi yake kina thamani kubwa kuliko kitu kilichonunuliwa dukani kwao.

Waislamu wa mwanzo walifanya hivyo. Walipoteswa Makka walihamia Uhabeshi kwa mfalme Najashi, wakati huo akiwa Mkristo, naye akawalinda; baadhi yao walikaa zaidi ya miaka kumi. Imesimuliwa katika vitabu vya sira kwamba wajumbe wa Najashi walipofika kwa Mtume (S.A.W.) aliwahudumia kwa mikono yake, na maswahaba walipotaka kumpokea kazi hiyo alieleza kuwa watu hawa waliwakirimu wenzetu, naye anapenda kuwalipa mwenyewe. Najashi, ambaye alisilimu, alipofariki, Mtume (S.A.W.) alimsalia sala ya jeneza akiwa Madina. Wema wa mwenyeji haukusahauliwa hata baada ya jahazi kutia nanga.

Anapopokewa nyumbani

Tuwageukie wazazi. Katika hadithi waliyoafikiana Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameieleza safari kuwa ni kipande cha adhabu, na akamtaka aliyemaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Basi watu wake nao wawe ni wa kurudiwa. Wapo vijana wanaopokewa na swali moja: "Umetuletea nini?" Jamaa aliyeagiza simu hukasirika, shangazi aliyetarajia dola hununa, na kijana hujuta kurejea. Tusiwe sisi tunaowafundisha watoto wetu kuwa waliobaki ndio wenye akili.

Ja'far bin Abi Talib (R.A.) na wenzake waliporudi kutoka Uhabeshi mwaka wa 7 Hijria walimkuta Mtume (S.A.W.) Khaibar, naye akampokea kwa furaha kubwa. Lakini hata hao walipatwa na maneno. Bibi Asma binti Umais (R.A.) aliambiwa na Sayyidna Umar (R.A.) kwamba waliohamia Madina wamewatangulia. Akaghadhibika, akaeleza walivyokuwa katika nchi ya mbali kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume Wake, na akalipeleka jambo lake kwa Mtume (S.A.W.), naye akawabashiria watu wa jahazi kwamba wao wana hijra mbili. Msafiri aliyerudi huhitaji mtu wa kumsikiliza na kuithamini taabu yake kabla ya kuulizwa zawadi.

Naye aliyerudi ana amana ya mwisho, nayo ni ushahidi. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu katika kushuhudia hata dhidi ya nafsi zetu. Asidharau ugali wa mama yake wala asiitukane nchi iliyomkirimu. Akiona usafi, kuheshimu zamu na uwajibikaji, aseme. Akiona upweke wa wazee na familia zilizotawanyika, aseme pia. Suratul Hujurat, aya ya 13, imetufundisha kuwa tumejaaliwa mataifa na makabila ili tujuane, na hakuna kujuana palipo na uongo. Na ni sunna, afikapo mjini kwake, aanze na msikiti na kusali rakaa mbili, kisha aende nyumbani.

Ndugu Waislamu, safari yetu sote hapa duniani ni ya muda, na saa yake imeandikwa. Anayejizoeza kurudisha amana na kutii muda katika safari ndogo anajiandaa kwa ile kubwa. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarejeshe vijana wetu wote walio ugenini wakiwa na dini yao, amana yao na hatima njema ya matendo yao, na awajaalie wazazi wao subira na riziki ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.